Kiti cha Meneja wa Sukari

Kakamega,
Jumapili, 18 Agosti 1996.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na wote hapo nyumbani Shianda. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba unaweza tena kutembea mpaka kwenye miwa bila fimbo. Mimi mwili ni mzima. Mwambie Mama ile ingokho aliyompa Musimbi aniletee ilifika ikiwa hai na yenye hasira ya kuku wa kijijini, na tuliila siku hiyo hiyo.

Nakuandikia kuhusu yale maonyesho ya ajira ya wanafunzi ambako nilitumwa kukiwakilisha chuo kikuu chetu. Najua uliwatangazia watu wa kanisani. Najua pia kwamba, kwa sababu ya sifa za chuo hiki nilizowaletea wakati wa Pasaka, mdogo wangu Awinja anataka kuiacha nafasi yake katika chuo cha ualimu ili aje kusoma hapa ninapofanya kazi. Tafadhali msomee barua hii yote, hata pale inaponiaibisha. Nimeitoa katika shajara yangu ya Ijumaa, nilipokuwa bado nakumbuka kila kitu.

Asubuhi, katika ukumbi wa kanisa tuliokodi, Mkurugenzi wetu, Daktari Osiako, alinipa joho jeusi nilivae. Nikamkumbusha kwamba mimi ni karani wake tu, na kwamba masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Akacheka, akaniambia wanafunzi hawaji kukagua cheti changu, wanakuja kuona mfano mzuri. Joho lenyewe lilikuwa la kwaya. Msalaba wa kifuani walikuwa wameufunika kwa beji ya chuo, na ukosi ulinuka jasho la mwimbaji nisiyemjua. Nikalivaa.

Katika matangazo tuliyobandika kila soko mpaka Matete, tuliahidi waajiri wa kila namna. Hakuna aliyekuja, na sasa nadhani hakuna aliyealikwa. Meza zao zilikuwapo, zimetandikwa vitambaa vyeupe, na nyuma ya kila meza ameketi mtu wa ofisini kwetu. Mpishi wetu alikuwa mwenye hoteli ya kitalii. Beverly, anayetupigia chapa, alikuwa benki. Wangila, dereva wetu, alikuwa amevishwa koti la Mkurugenzi, mikono ya koti imemfunika mpaka vidoleni, na mbele yake kibao kilisema yeye ni Meneja wa Ajira wa kiwanda kipya cha sukari. Nilipomuuliza kiwanda hicho kiko wapi, aliniambia nisimsumbue, kwani hata yeye ameandikwa huko asubuhi hiyo hiyo.

Kazi ilikwenda hivi. Mwanafunzi alifika kwenye meza, akaulizwa anatamani kuwa nani, akasifiwa, kisha akaambiwa kazi ipo na inamngoja yeye, ila kwanza apate diploma, na diploma hiyo inatolewa na yule kijana mwenye joho pale pembeni. Yule kijana mwenye joho alikuwa mimi. Nao walikuja, Baba. Walikuwa watoto wa wakulima kama sisi, mashati yao yamepigwa pasi, na wazazi wao walitembea kwenye matope wakishika viatu mkononi ili wavivae mlangoni. Mzee mmoja aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniita Profesa. Nami nikamwandikisha mjukuu wake.

Kabla ya chakula cha mchana akaingia mama mmoja kutoka Matete, amejitanda leso, akimtanguliza bintiye anayeitwa Milcah. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya sukari na kunyoosha mkono amsalimu meneja. Wangila akainua kichwa. Yule alikuwa mama mkwe wake, mama mzazi wa mkewe.

Huhitaji mimi nikuambie kwamba kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, wala haketi naye meza moja. Wangila hakukumbuka chuo wala mshahara. Aliruka kama mtu aliyekalia siafu, akaangusha kiti, akatoka kwa mlango wa jikoni. Koti lilinasa kwenye kitasa, akaliacha likining'inia. Yule mama naye alikuwa amejifunika uso wote kwa leso, na humo ndani ya leso alipiga kelele zilizofika kila meza: “Uwii! Watu wa Kakamega mmenifanyia nini? Huyo si mkwe wangu? Yeye anaendeshanga gari ya hawa watu! Umeneja amepata lini?”

Ukumbi mzima ukacheka. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama mameneja waliobaki nao wana mama wakwe, waitwe upesi. Mpishi akaanza kukunja kitambaa chake. Mimi nilifurahi, kwa maana nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Daktari Osiako alichukua kipaza sauti, akasema ni kweli kabisa, meneja yule alikuwa dereva, lakini alisoma kwetu akapanda cheo. Tena, akasema, wazazi wameona wenyewe kwamba elimu yetu haimfanyi mtu asahau heshima ya wakwe zake. Watu wakampigia makofi. Makofi, Baba! Uongo ulikamatwa mchana kweupe, ukavalishwa desturi zetu wenyewe, ukashangiliwa.

Kisha akanijia na lile koti. Akaninong'oneza nivue joho nikakae kwenye kiti cha meneja wa sukari, kwa kuwa mimi bado sijaoa na hakuna mama mkwe wa kunikimbiza.

Nilikaa. Koti lilikuwa bado na joto la Wangila.

Wa kwanza kunijia alikuwa Milcah huyo huyo. Mama yake alikuwa nje, kwa aibu. Binti huyu alikuwa ameniona muda mfupi uliopita nikiwa na joho, lakini alinitazama na nikaona anajilazimisha kuniamini. Alisimama mikono nyuma, kama aliye mbele ya mwalimu mkuu, akaniambia ameitwa chuo cha ualimu mwezi wa tisa. Akauliza kama awaandikie wampe mtu mwingine nafasi hiyo, maadamu kazi ya kiwandani inamngoja.

Baba, ilikuwa kama namsikia Awinja. Nikamwambia hakuna kiwanda, hakuna kazi, mimi ni karani na yule mwenye hoteli ni mpishi wetu, na aende ualimu asigeuke nyuma. Nilidhani atanishukuru. Alinitazama kama unavyotazama kitu kilichooza, akaniuliza kwa nini basi nilikuwa nimekaa pale. Akatoka kumfuata mama yake. Nikaliacha koti juu ya kiti, na Mkurugenzi, aliyesikia yote, akanifukuza kazi mbele ya watu.

Kwa hiyo sina kazi, na kwenye vyumba viwili juu ya duka la mbolea, ambavyo ndivyo chuo kikuu chetu chote, hakuna kitu cha kumfaa Awinja. Aende ualimu, asikose siku ya kuripoti. Wangila anatafuta kuku wa kumpelekea mama mkwe wake ili aibu iishe. Namwonea wivu, kwa maana aibu ya namna yake ina desturi ya kuiondoa. Awinja akiuliza kwa nini nilikaa kwenye kile kiti, mwambie bado natafuta jibu, na nikilipata nitakuja kumpa mwenyewe.

Nisalimie Mama, Musimbi na majirani wote wanaoniulizia. Wale wa kanisani waambie ukweli, usinifiche.

Ni mimi mwanao,
Cornelius