Tundu la Tano

Jumamosi, Novemba. Hayes.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, ile mvua ya huku ughaibuni isiyo na nguvu wala aibu, inayonyesha tu kwa kuwa haina kazi nyingine. Ni saa nane mchana. Ninaandika kwenye simu, nimeketi ngazi ya tatu kutoka chini. Juu, mke wangu Zuhura amelala baada ya zamu ya usiku hospitalini. Mbele yangu upo mlango wa chumba changu kidogo. Nimeufunga, na ufunguo nimeukamata mkononi mpaka umepata joto.

Naogopa. Nimeona niseme mapema.

Mnaopita kwenye blogu hii mara kwa mara mnaujua ugonjwa wangu. Mwaka wa kumi na moja huu nakusanya bastola za karne ya kumi na tisa, zile za kabla ya risasi zenye ganda. Silinda, lile gurudumu la matundu ya risasi, ilishindiliwa baruti kwa mbele, ikafuata golori ya risasi, na nyuma ya kila tundu ikavishwa fataki ndogo ya shaba, kama mtu anavyovaa kofia. Nyundo ikigonga fataki, moto unaingia ndani. Sheria ya hapa inaniruhusu kuwa nazo bila leseni mradi ziwe pambo tu, na mimi sijawahi kufyatua hata moja.

Kusema kweli ninachopenda zaidi ni vikorokoro vyake. Kichupa cha baruti, kalibu ya kusubia risasi, kifunguo kidogo, vyote ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa cha kijani, na kila kimoja kina kitanda chake. Siku zangu zinaishia ghalani karibu na uwanja wa ndege nikipanga maboksi ya watu. Labda ndiyo maana napenda boksi moja lililo langu.

Zuhura hapendi. Yeye yuko idara ya dharura, na anayoyaona huko hanisimulii. Siku niliyoleta ya kwanza aliniambia, "Baba Amina, kitu kilichoundwa kuua hakistaafu." Nilicheka. Nikamwambia hata mimi nitastaafu, sembuse chuma.

Wiki tano zilizopita nilipewa zawadi na Mzee Jayanti wa Kingsbury. Ni Mhindi, mzaliwa wa Kisumu, ana miaka themanini na sita. Tulijuana kwenye mnada wa vitu vya kale, alipokuwa akimnung'unikia muuzaji kwa Kiswahili akidhani hakuna anayemsikia. Tangu hapo kila mwezi naenda kwake, tunakunywa chai, tunatafuna chevda na kuwasema wauzaji. Alikuwa na bastola mbili pacha za matundu matano. Siku hiyo alinipakatisha moja.

"Chukua, kijana," aliniambia, mimi mwenye miaka hamsini na saba. "Moja iko yako, moja iko yangu. Mimi nikienda, utakuja kuchukua ndugu yake."

Sasa, sisi wakusanyaji tuna desturi moja isiyorukwa. Bastola yoyote ikiingia mkononi mwako, kabla hata hujasema asante, unachukua penseli, unaizamisha kwenye kila tundu, unaitia alama kwa ukucha pale ilipoishia, kisha unaipima kwa nje. Penseli ikikwama njiani, ndani mna kitu. Nimewafundisha watu jambo hilo kwenye blogu hii hii, tena kwa majivuno.

Lakini mimi nimelelewa Mombasa. Mtu mzima akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili, wala hukigeuzi mbele yake kama mnunuzi wa samaki. Ningetoa penseli sebuleni kwake, ningekuwa namwambia nini? Kwamba simwamini. Basi nikaipokea, nikaifunga kwenye shali, nikashukuru. Nilipofika nyumbani nilijiambia kuwa Mzee ameshaikagua miaka yote hiyo, na kumkagua nyuma ya mgongo wake ni utovu wa adabu vilevile.

Leo asubuhi posta imeleta kikopo cha bati cha kuwekea fataki, kitupu, kitu cha mwisho kilichokosekana kwenye sanduku. Nilifurahi mno. Nikataka kupiga picha za kuweka hapa. Nikawasha tochi mbele ya silinda ili matundu yang'ae. Manne yakameza mwanga.

La tano halikumeza.

Nilidhani uchafu. Mkono ukaifuata penseli wenyewe. Kwenye manne ilizama. Kwenye la tano iligota juu kabisa. Nikageuza silinda nyuma. Ile kutu ya kijani niliyoisifu hapa mwezi uliopita, niliyokataa kuisugua kwa sababu mkusanyaji wa kweli haondoi umri wa kitu, si kutu tupu. Ni fataki iliyovaa kutu. Ipo mahali pake, inangoja nyundo. Na baruti ikikaa kavu, miaka mia na hamsini haiitoi ukali.

Sasa niliandike lile ambalo sikutaka kuliandika.

Jumapili iliyopita Amina, binti yangu, alimleta mjukuu wangu Layla. Nilimweka mapajani nikamshikisha bastola ile. Nikamwambia achungulie kwenye mtutu aone mistari inavyozunguka. Akaweka jicho. Kiswahili anakielewa chote, ila kunijibu hunijibu kwa lugha ya shuleni. "Babu, it's all dark," alisema. Nilijua mtutu wa namna ile huwa na giza hata ukiwa mtupu. Nikacheka, nikamwambia hilo ni giza la uzee.

Nilisema hivyo, kidole changu kikiwa karibu na nyundo.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka sita na pengo la meno mawili.

Leo, baada ya kuiona fataki, niliilaza bastola sakafuni, mtutu ukielekea ukuta wa nje, nikatoka kinyumenyume. Ndipo nikamkumbuka pacha wake. Anakaa Kingsbury, kwenye rafu juu ya hita ya gesi, sebuleni kwa Mzee. Na kila Jumamosi vitukuu vyake huja kula chakula cha mchana.

Mtu mwenye akili angepiga simu papo hapo. Mimi nilisimama robo saa nzima nikitunga maneno. Unamwambiaje mzee kwamba zawadi yake ilikuwa imejaa? Na alipopokea, Mungu anisamehe, nilianza na salamu. Nikamuuliza miguu yake. Nikamuuliza mkwewe. Nyuma yake watoto walikuwa wakikimbizana, sahani zinagongana. Ndipo nikasema.

Nikamsikia akisogeza kiti. Halafu, "Ngoja, mimi naangalia yangu sasa hivi."

"Usiiguse, Mzee. Toa watoto nje kwanza." Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu wa umri ule maishani mwangu.

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, sauti yake ikiamrisha kwa Kigujarati, viti vikiburuzwa, mtoto akilia. Aliporudi alikuwa anahema.

"Wote wako nje. Mvua nawanyeshea, mama yao nakasirika. Mlango nimefunga." Akapumua kidogo. "Miaka arobaini, Salim. Kila Diwali mimi natoa hii mbili, napangusa."

Nikamwambia itabidi tuite polisi, kila mtu kwake. Akakubali kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Na Zuhura? Yeye iko nje?"

Zuhura kalala juu ya chumba kile kile. Kati yake na lile tundu pana mbao na zulia. Watoto wa watu nimewatoa nje kwenye mvua, mke wangu nimemwacha palepale, kwa sababu uso wake nauogopa kuliko baruti. Na polisi pia nawaogopa. Mtu mwenye sura yangu na jina langu apige simu aseme ana bastola nyumbani, tena imejaa, halafu angoje kueleweka. Kwa hiyo badala ya kupanda ngazi, nimeketi juu yake nikiandika. Mnisome hivyo nilivyo.

Napanda.

Saa tisa kasoro.

Tuko nje, chini ya kibaraza cha jirani. Nilimwamsha. Nilimwambia nikiwa mlangoni, kama mtoto aliyevunja kitu. Neno lake la kustaafu hakulitaja, nami nilitamani alitaje, nipate pa kushika. Aliniuliza jambo moja tu.

"Layla aliishika?"

Nikasema ndiyo.

Akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akanitangulia kushuka, akapita mbele ya chumba kile bila kugeuka. Hapa nje alitoa simu yake akapiga mwenyewe. Anwani yetu ameisema mara mbili, polepole, kama anavyosema jina la dawa. Amewaambia ni bastola ya kale, imefungiwa, hakuna mtu ndani, na mumewe ndiye aliyeigundua na hana ubaya. Hilo la mwisho amelirudia pia.

Mzee amenitumia ujumbe. Kwake polisi wameshafika, nao wamewasogeza hadi barabara ya pili. Pacha alikuwa na matundu mawili yaliyojaa.

Kesho ni Jumapili, Layla atakuja. Ataniomba aone tena. Nitamwambia kulikuwa na nini mle gizani?

Gari limekata kona, halina king'ora. Nyuma yake kuna la pili. Zuhura amesimama mbele yangu, mdogo kama alivyo, na haniangalii.

"Baba Amina, weka simu chini. Mikono yako waione."

Naiweka.