Mbuzi wa Mjukuu Wangu Alikuwa na Miguu Sita

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho hata nikirefusha, maana nimefundisha watoto sayansi maisha yangu yote na ugonjwa wa kueleza haukustaafu pamoja nami. Nimekasirika. Nimemkasirikia binti yangu wa kwanza, nimewakasirikia wazazi wa watu, nimekasirikia hata picha iliyotundikwa ukutani, na nyumbani wote wananiambia kwamba huyo ni mbuzi tu.

Binti yangu anaendesha mpango wa watoto wakati wa likizo, katika nyumba ya kupanga yenye uwanja kwa nyuma. Asubuhi watoto wanatandika mikeka sebuleni wanafanya yoga, wanasimama kwa mguu mmoja kama miti, wanajikunja kama paka, wanafundishwa kuvuta pumzi na kuitoa polepole, na mwalimu wao wamempa jina la Bi Pumua. Halafu wanatoka nje na mimi kutazama wadudu, majani, udongo na mawingu, nami wananiita Babu Sisimizi. Halafu wanarudi ndani kuchora. Ni mpango mzuri, sikatai, nimeona watoto waliokuja hawawezi kutulia hata kwenye kiti wakichuchumaa kimya kabisa kumtazama sisimizi akiburuta bawa la nzi. Na kabla hawajaingia kwenye rangi huwa nawaambia neno moja: msichore mnachokijua, choreni mlichokiona.

Basi siku moja tulikuwa tunatazama mbuzi wa jirani kupitia uzio, mbuzi mmoja mchanga akashtushwa na mlango uliobamizwa akatimua mbio toka pembe hii mpaka ile, na mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa pili, ambaye ana miaka saba, akaingia ndani akamchora mbuzi huyo na miguu sita. Nikamuuliza, "Mbona sita?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Babu, si alikuwa anakimbia?" Mshauri, nusura nipige makofi, kwa sababu jicho ndivyo linavyofanya kazi, linaendelea kushika sura ya mguu pale ulipokuwa hata baada ya mguu wenyewe kuondoka, na wapo wanafunzi wangu wakubwa niliowaeleza jambo hilo muhula mzima wasinielewe.

Alasiri watoto walipokwisha kuchukuliwa nikamkuta binti yangu amekaa na rundo la picha na brashi nyembamba, anapaka majani ya kijani juu ya miguu miwili ya mbuzi, akaniomba nimshikie kikombe cha maji kwa kuwa meza inayumba, nikamshikia, nikidhani ananyoosha mstari mmoja tu. Nikasema, "Mama, hiyo si kazi ya mtoto?" Akajibu bila kuinua macho, "Ni yake, Baba. Namsaidia kumalizia." Nikapekua zile nyingine. Nyumba zilizokuwa zimeinama zimesimamishwa, jua lililokuwa na pembe limekuwa sahani, watu waliokuwa na vidole kumi na vitatu mikono yao imefichwa mifukoni. Kilichobaki cha mtoto ni jina lake tu kwenye kona.

Nilipombana akanieleza kwamba likizo iliyopita baba mmoja alisimama mbele ya picha ya mwanawe akauliza kwa sauti, "Hii ni nini, mende?" watu wakacheka, mtoto akajifungia chooni mpaka maonyesho yakaisha. "Wazazi wanataka kuona matunda, Baba," akasema. "Wakiona makorokoro, likizo ijayo wanamwacha mtoto nyumbani na televisheni. Wewe ulikuwa mwalimu wa serikali, uliletewa watoto watake wasitake."

Siku ya maonyesho sebule ilijaa, simu zimeinuliwa juu, na binti yangu akamwita mjukuu wangu mbele asimame karibu na mbuzi wake, kwa kuwa ndiye aliyependeza kuliko wote. Mtoto akatazama picha muda mrefu. Akasema, "Shangazi, hii si yangu. Wangu alikuwa na miguu sita." Mama mmoja nyuma akasema, "Sita! Huyo mbuzi au treni?" na kicheko kikaanza, na mtoto midomo ikaanza kumtetemeka, na Bi Pumua akainama akamwekea mkono begani, "Pumua, mpenzi. Vuta ndani. Haya, toa." Naye akafanya kama alivyofundishwa, mikono tumboni, macho amefumba, akavuta, akatoa, akafumbua macho, akaitazama picha tena, akasema, "Nimeshapumua. Bado ana miguu minne."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Ndipo akanigeukia mimi. "Babu, wewe ulimwona. Waambie." Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikakohoa nikasema, "Tutazungumza nyumbani."

Tangu hapo hachori. Juzi nilimpelekea karatasi nzuri na penseli, akanirudishia penseli mkononi, kwa adabu kabisa, akasema, "Chora wewe, Babu. Kisha niandikie jina langu hapo chini."

Sasa binti yangu ameagiza bango la getini, na picha yake itakuwa huyohuyo mbuzi wa miguu minne, na jina la mjukuu wangu chini yake, eti ni kumpa mtoto heshima. Mchora mabango ameshachukua vipimo na wazazi wamealikwa siku ya kulitundika. Baba wa mtoto anasema yeye hagombani na dada yake kwa miguu ya mbuzi. Bi Pumua anasema mtoto atasahau. Nikisema hadharani nitambomolea binti yangu kazi aliyoijenga kwa jasho lake, nikinyamaza sijui huyu mtoto ataniamini tena kwa lipi, na wakati mwingine nafikiria niache kazi nikae nyumbani nitazame sisimizi wangu peke yangu. Nifanye nini?

Babu Sisimizi

*

Babu Sisimizi,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo makusudi, ili hayo mengine yakufike ukiwa umeshaamkiwa.

Hasira yako ni ya haki. Mimi pia ilinipanda, na nilipofika kwenye "tutazungumza nyumbani" ilibidi niiweke barua yako chini nikatembee kidogo. Lakini umeigawa hasira hiyo mtaa mzima ukaruka mlango wako. Binti yako umemtaja, wazazi umewataja, hata picha ukutani imepata sehemu yake. Kikombe cha maji umekitaja mara moja tu, haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Nani alikishika? Uliuliza swali zuri, ukajibiwa vibaya, na mkono wako ukaendelea kushika kikombe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikwambii.

Tazama vizuri kile mjukuu wako alichokuomba. Hakukuomba umgombeze shangazi yake. Hakukuomba urudishe miguu miwili. Alikuomba useme ulichokiona. Likizo nzima umewafundisha watoto kwamba mtu huchora alichokiona, si anachokijua. Kisha yule mmoja aliyelishika somo lako akasimama nalo mbele ya watu, na mwalimu mwenyewe akalikana. Hapo ndipo penye kidonda. Miguu ya mbuzi ni kovu la juu tu.

Kuhusu binti yako, nitamtetea kwa nusu ya njia. Aliona mtoto akijifungia chooni kwa aibu, akatafuta dawa. Dawa yenyewe ndiyo mbovu. Aliyekosa adabu ni baba mtu mzima, aliyesahihishwa ni mtoto. Haki gani hiyo? Kama brashi ilikuwa na kazi ya kufanya katika nyumba ile, ingeanzia kwenye ulimi wa yule bwana. Badala yake watoto wote wamefundishwa, bila kuambiwa kwa maneno, kwamba wanapendeza wakishafutwa. Na mzazi anapiga picha, anawatumia ndugu zake, anajivunia mkono wa mtu mwingine.

Na Bi Pumua mwambie hivi, kwa heshima. Pumzi ni kitu chema. Mimi mwenyewe huvuta yangu kila siku kabla ya kufungua barua zenu. Lakini mtoto hufundishwa kupumua ili apate nguvu ya kusema neno lake bila kupiga kelele. Huyu alivuta, akatoa, akasema. Mwanafunzi alifaulu. Waliofeli ni watu wazima waliokuwa wakingoja pumzi imzibe mdomo. Eti atasahau. Huyo anayekurudishia penseli kwa adabu, amesahau?

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujala, nenda kwa mjukuu wako, kaa chini mpaka macho yenu yawe sawa, useme: "Nilimwona. Alikuwa na miguu sita. Miguu ilipofutwa nilishika kikombe, na uliponiomba niseme, nilinyamaza. Nimekosa." Kisha funga mdomo. Najua itakuwa kazi kwako. Usimweleze jinsi jicho linavyofanya kazi, usianze sentensi yoyote na "lakini shangazi yako", na usimpelekee karatasi.

Halafu mwendee binti yako mkiwa wawili, kabla mchora mabango hajafungua makopo yake. Mwambie jina la mtoto lisiwekwe chini ya mbuzi yule. Akimpenda sana mbuzi wa miguu minne, aandike jina lake mwenyewe. Ana mkono mzuri wa kuchora na hakuna aibu katika hilo. Mwambie pia mapema, ili asije akasema umemvizia, kwamba siku wazazi watakapokutana utasimama useme ulichokiona na kikombe ulichokishika, bango liwepo lisiwepo. Ulinyamaza hadharani, na kosa la sebuleni haliombewi radhi chumbani. Sema sehemu yako tu. Sehemu yake mwachie aiseme mwenyewe, na mpe muda wa kuitafuta. Wapo wazazi watakaoondoka. Watakaobaki watajua kilichoko ukutani kimetoka kwa nani, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayofaa kujengwa.

Maonyesho yajayo kila mtoto asimame kando ya picha yake, na mzazi atakayeuliza "hii ni nini" ajibiwe: muulize mwenyewe. Akileta habari za mende, umtoe nje wewe. Ulikuwa mwalimu wa serikali, unajua jinsi ya kumtoa mtu darasani.

Habari ya kuacha kazi usiniletee tena. Huko ni kukimbia, na ukikimbia yule mtoto atakuhesabia miguu yote.

Atachora tena lini, mimi sijui, nawe usimuulize. Lakini atakupa penseli tena, maana watoto hujaribu mara ya pili kabla hawajakata tamaa na mtu. Siku hiyo ipokee. Chora mbuzi kwa mkono wako mwenyewe, hivyo hivyo usivyojua kuchora, miguu iende inakotaka. Kisha pale chini, atakapokuwa anapatazama, andika jina lako.