Vitufe vya Mizani ya Kingori

Gatitu, 5 Oktoba 2024

Kwa wajina wangu Watiri,

Habari ya Nanyuki na baridi yake? Mimi niko mzima, ni goti tu, nalo tumezoeana. Anayeandika ni Beth jirani yangu, kwa sababu unajua shule mimi niliiona kwa nje nikipita na kuni. Nimemwambia aandike vile ninasema, asipambe. Simu sitaki. Ukiniambia kitu kwa simu, nikikata kimeenda. Barua Beth atanisomea mpaka ishike.

Sasa. Moffat, mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika, alisimama kiwandani mbele ya wakulima wote wa kahawa, akasema ati mjukuu wangu ndiye anatengeneza ile kitu ya kompyuta itakayokaa kando ya mizani. Nilivuta shingo kama jogoo. Lakini akina mama wakaniuliza ni kitu gani, nikasema nitakuuliza wewe. Nieleze, na usiniletee Kizungu.

Unakula? Nikisikia umekonda nitapanda huko.

Ni mimi Shosho, mwenye jina lako.

Nanyuki, 11 Oktoba 2024

Shosho wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi niko salama, ninakula, na sijakonda.

Ninachotengeneza ni hiki. Kwenye kioo cha kompyuta linafunguka dirisha. Juu kabisa ya dirisha hilo ninapanga vitufe kwa mstari mmoja, ili karani asitafute kitu mbali. Ninaviandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Viko vitano: cha kahawa nyekundu iliyoiva, cha mbichi, cha mbuni iliyokaukia mtini, cha kuhifadhi na cha kufuta. Karani Kingori akishapima gunia, anabonyeza aina yake, na kilo zinaingia kwa jina la mkulima. Basi.

Maneno sikuweka. Nimechora tunda moja la duara, nikalirudia kwa kila kitufe cha kahawa na rangi yake: nyekundu, kijani na hudhurungi. Linapendeza. Lakini lilinisumbua! Juzi picha zote zilipotea, vitufe vikabaki vitupu. Kumbe programu isipoambiwa iendelee kuzishika picha, inazitupa kama takataka. Nilitafuta kosa hilo siku mbili.

Majaribio ni tarehe nne Novemba. Kamati ikipenda, nitapewa viwanda vyote sita vya chama, nami nitarudi kuishi Ruring'u, karibu nawe. Niombee.

Mjukuu wako, Watiri.

Gatitu, 5 Novemba 2024

Wajina,

Najua uko mzima kwa sababu jana nilikuona. Mimi nimekasirika.

Uliweka kompyuta asubuhi, ukanywa chai ya Moffat, ukarudi Nanyuki kabla watu hawajashuka na magunia. Hapo ulikosea. Mimi nilikuwa wa nne kwa foleni. Kingori akaniuliza kama kila siku, "Umeniletea nini leo, mama?" Nikasema nyekundu. Akaangalia kioo. Akaangalia tena. Kidole kikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kikabonyeza. Moffat akapiga kelele, "Mzee, hiyo ni mbichi!" Watu wakacheka. Akabonyeza ingine, ikawa mbuni. Jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Mpelekeni nasari na watoto." Kingori akavua koti ya kazi, akaitundika kwa mizani, akaenda nyumbani. Miaka ishirini na sita kwa mizani hiyo! Kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na Moffat anataka aondolewe, aandikwe mtu wa kompyuta.

Sasa sikiliza. Hapa Beth ameapa kwanza kwamba hatasema, ndipo akaandika. Kingori haoni nyekundu. Kwake iliyoiva na mbichi ni rangi moja. Unafikiri anauliza kila mtu amebeba nini kwa sababu ya heshima? Anauliza ili ajue. Mimi nilijua mwaka ule mvua ilikataa. Nilimtania nikasema "mbichi", na gunia liko wazi, linawaka kama makaa. Akaandika mbichi. Nikasema nimejisahau, andika nyekundu. Akaniangalia, nikamwangalia. Hatujawahi kuiongea.

Akishasikia jibu, kalamu yake haikosi. Lakini wewe ulimpa matunda matatu yanayofanana. Mwenye kosa ni wewe.

Kula.

Shosho.

Nanyuki, 8 Novemba 2024

Shosho wangu,

Natumaini hasira imepungua na goti halijaongeza maumivu. Mimi nililia kidogo, halafu nikafungua kompyuta.

Kurekebisha kulichukua saa moja. Kila picha sasa ina neno chini yake. Mbuni nimeichora imejikunja, mbichi ina jani, na kitufe cha kufuta nimekisogeza mbali na cha kuhifadhi. Shida si hiyo. Shida ni Ijumaa. Nikisema vitufe vyangu vilikuwa vibaya, Moffat ataona sijui kazi, na viwanda sita vitaenda. Nikisema ni macho ya Kingori, hakuna atakayenilaumu. Labda hata yeye watamhurumia.

Niseme, Shosho? Sitasema bila ruhusa yako.

Mjukuu wako, Watiri.

Gatitu, 10 Novemba 2024

Wajina,

Hapana. Salamu baadaye.

Watamhurumia, halafu? Nani atamwacha apime kahawa, mtu asiyeona nyekundu? Kila aliyewahi kulalamika juu ya kilo zake atasema ni yale macho. Na hiyo siri si yangu nikupe ruhusa. Nilikuambia ili urekebishe, si ili ujitetee.

La kusema Ijumaa sitakuambia. Wewe ni mtu mzima.

Beth anasema nimekuwa mkali. Haya, aandike na hii: ukikosa kazi, kitanda kiko.

Shosho.

Nanyuki, 17 Novemba 2024

Shosho wangu,

Hujambo? Nilifika salama. Sikupitia kwako kwa sababu sikutaka uuone uso wangu.

Nilisimama mbele ya kamati nikawaambia niliweka rangi bila maneno, na kwa jua lile la saa nane mtu yeyote angekosea. Moffat akasema, "Msichana, unatuambia ulituletea kitu kibovu?" Nikasema ndiyo. "Na mzee?" Nikasema mzee alifuata alichoonyeshwa, wamrudishe, nimesharekebisha. Wakanong'onezana. Hapo kwetu programu wataiacha mpaka msimu uishe. Vile viwanda vingine vitano wanatafuta mtu mwenye uzoefu. Kwa hivyo Ruring'u siji.

Kama Kingori alirudi, hakuna aliyeniambia.

Mjukuu wako, Watiri.

Gatitu, 1 Desemba 2024

Wajina,

Unaendeleaje? Hapa tunachuma mpaka mikono imekuwa gamba.

Kingori alirudi. Anabonyeza polepole kama mtu anayechuma stafeli la jirani, lakini hakosi. Yule jamaa wa nasari siku hizi anapanga foleni na adabu.

Jana Kingori alikuja hapa kwangu. Nikamwekea chai na nduma. Akauliza, "Huyo mjukuu wako, nani alimwambia aweke maneno?" Nikasema aliona mwenyewe. Alijua ninadanganya. Akamenya nduma ya pili, akala yote, hakusema asante na sikuitaka.

Alipofika mlangoni akageuka. Ati neno "Mbuni" uliliandika dogo, mchana jua linalimeza. Anataka liongezwe.

Liongeze, na ulilete mwenyewe. Nduma zimebaki.

Shosho.