Ramani Mbili za Nebraska Ukutani Kwangu

Wendell rafiki yangu, soma sasa hivi. Nimeaibika mezani pangu mwenyewe.

Bibi wa mchumba wa mjukuu wangu Curtis, Bi Verna, Mpawnee, wa kabila la wenyeji wa asili wa Nebraska, amekuja kula. Unazijua ramani zangu mbili, ya 1874 na ya 1885. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mgeni: "Tazama jimbo lilivyokua! Hapa palikuwa patupu, babu yangu akafika."

Patupu. Nilisema patupu, Wendell!

Akaweka uma chini, akagusa kioo cha ile ya zamani, palipopakwa rangi ya waridi. "Patupu? Hapa ni kwetu. Soma jina: Wapawnee." Kisha akagusa ile mpya, mahali palepale. "Na hapa ni shamba lako."

Curtis akanong'ona, "Babu, umetumaliza." Mchumba wake alishashika koti aondoke.

Mimi niliyesoma historia shule ya jioni! Miaka yote naipangusa ramani ile, na jina lile sijawahi kumsomea mgeni.

Nikainuka, nikaishusha ukutani ile ya zamani. Nilidhani ndiyo heshima.

"Irudishe, mkwe," akasema. "Ukiishusha, sisi tutaonekana wapi?"

Ameniita mkwe, Wendell. Mkwe! Nimeirudisha, imekaa upande, nami niko jikoni nakata pai, kipande cha kwanza chake.