Kitufe cha "Nimelinganisha"

Ndugu yangu, nimeaibika. Nimejifungia stoo ya zahanati, ndimo ninamokuandikia.

Unaujua ule mfumo wangu wa kufunga majibu ya maabara, ayasome daktari peke yake? Daktari akibadilisha simu, mtu wa maabara anatakiwa ampigie, walinganishe tarakimu sitini zinazotokea kwenye simu zao zote mbili, ndipo abonyeze "Nimelinganisha". Tarakimu sitini! Nilijiona fundi kweli kweli.

Leo nikamwonyesha mkurugenzi. Nikasajili simu yangu kwa jina la daktari, nikasema kwa madaha, "Mama, tazama watakavyonikataa."

Nani akatae? Mtu wa maabara alibonyeza kabla sijafunga mdomo. Hakupiga simu. Hakulinganisha hata tarakimu moja. Na kwa ukarimu wake akanirushia majibu yote ya asubuhi.

La kwanza kabisa ni la mke wangu. Ni mjamzito. Mke wangu! Mkurugenzi anachungulia begani kwangu: "Hongera, baba."

Nikamfuata mtu wa maabara, taratibu. Akaniuliza, "Fundi, foleni ile inafika mlangoni. Hizo sitini nizisome saa ngapi?"

Kitufe nilikiweka mimi. Leo nakiondoa: simu mbili zisipokutanishwa uso kwa uso, hakifunguki kitu.

Lakini nyumbani nitashangaaje, mimi nisiyejua kuigiza?

Ngoja, mke wangu kaandika.

"Nina habari, nitakuambia ukirudi. Kwenye simu siandiki. Ule mfumo wako siuamini."