Nukta Juu ya I Kubwa

Mjukuu wangu Nekesa,

Mimi kuka, babu yako, ndiye mzee mwenye bahati kuliko wote hapa Shieywe: nyumba inajaa wageni mpaka sipati nafasi ya upweke. Shangazi yako wa Chekalini amevuna mahindi, anakusalimia.

Unasema programu yako inawakatalia Waturuki kuingia, kwa sababu huko kwao i ndogo ikifanywa kubwa hubaki na nukta yake, na mashine inaona neno geni. Bosi anakulaumu, nawe unataka kuacha kazi. Unauliza kama niliwahi kuaibika hivyo.

Sana! Nikiwa kijana nilikuwa fundi wa kuandika majina kwenye masanduku ya bati ya wanafunzi, na Kakamega nzima hakuna aliyenifikia. Kila I kubwa niliiwekea nukta, maana bila nukta niliiona iko uchi. Mwalimu mmoja akafoka sokoni, "Wewe fundi, hii I umeivalisha kofia ya nani?" Watu wakacheka. Nikafuta nukta zote kwa mafuta ya taa, nikiapa kuacha brashi.

Kumbe Uturuki ningeitwa msomi! Mwalimu alijua shule yake, mimi nilijua macho yangu, na hakuna aliyewaza kwamba kuna wengine wanaoandika tofauti. Kesho yake nilirudi na brashi. Nawe rudi, uifunze mashine kuuliza kwanza ni herufi za nani.

Usije nyumbani kwa sababu ya aibu. Njoo tu kunisalimia. Napika ugali wa mtu mmoja, Nekesa. Ile habari ya wageni ni uongo mtupu.

Kuka yako