Swara Aliyekimbia Kinyumenyume

Nekesa wangu,

Huku Maringo tu wazima. Mguu wa babu yako umepoa, na maji yamerudi. Umeuliza utajuaje kama mchoro wako ni mbaya, maana huko Eldoret mwalimu ameukataa. Hata mimi sijui.

Miaka ya tisini nilikuwa nashona viti katika kiwanda cha kuunda mabasi, Industrial Area. Mkubwa wetu alitaka nembo mpya, nikamchorea swara anayekimbia. Alimpenda sana, mpaka alipobandikwa pande zote mbili za basi. Upande mmoja swara alikwenda na basi. Upande wa pili alikimbia kinyumenyume.

"Na huyu anarudi wapi?" akauliza.

Nikamgeuza. Akasema watu wataona swara wawili wadhani ni kampuni mbili. Wakachagua duara tupu, nami nikabeba nyumbani bati moja lililochorwa swara huyo, nikalipigilia juu ya mlango.

Mama yako, kabla hajaanza shule, alipotea. Nyumba zetu unajua zinavyofanana. Mama mboga mmoja alimkuta analia, akamuuliza kwao ni wapi.

"Kwetu ni kwa swara."

Akaletwa mpaka mlangoni.

Lile duara hata rangi yake siikumbuki. Lakini mkubwa alikosea wapi? Swara alikuwa anarudi nyuma kweli, nilimwona kwa macho yangu. Nimewaza miaka yote hii, nimeshindwa.

Usiutupe mchoro wako. Uje nao Desemba, mlango wa nyuma hauna kitu.

Nyanya yako